Mimi na Dada Yangu Tuna Badiliko Lilelile la Jeni, Mbona Naumwa Mimi Peke Yangu?

Swali: Daktari, pole na kazi. Mimi ni mwanamume wa miaka 36. Tangu ujana nimekuwa mtu wa usaha puani, masikio na kifua. Nimelazwa kwa nimonia mara nne. Mwaka jana ndipo ilipogundulika kwamba kingamwili zangu, aina zote tatu, ziko chini: IgG gramu 2.9 kwa lita, IgA haionekani kabisa, IgM chini kidogo. Nilichomwa chanjo ya nimonia, damu ikapimwa tena baada ya wiki kadhaa, kingamwili hazikupanda. Nikaambiwa nina CVID, yaani ugonjwa wa upungufu wa kingamwili, na sasa natundikiwa dripu ya imunoglobulini, yaani kingamwili za wachangiaji, kila baada ya wiki nne. Naendelea vizuri. Baadaye nilipimwa vinasaba, na majibu yanasema nina badiliko la C104R kwenye nakala moja ya jeni iitwayo TNFRSF13B. Mdogo wangu wa kike, ana miaka 31, akajitolea naye apimwe. Anayo hiyohiyo C104R, lakini hajawahi kulazwa hata siku moja na IgG yake ni 9.8. Je, maabara imekosea? Au naye atakuja kuumwa? Nina watoto wawili, mmoja wa miaka 6 na mwingine wa miezi 10. Niwapeleke wakapimwe jeni?

Jibu: Ndugu yangu, nakushukuru kwa kuniwekea namba za vipimo vyako, maana bila hizo ningekujibu kwa kubahatisha. Nianze na majibu yenyewe, maelezo yafuate. Maabara haijakosea. Dada yako, kwa uwezekano mkubwa sana, hataugua ugonjwa wako. Watoto hawahitaji kupimwa jeni hiyo kwa sasa. Na lipo jambo la nne ambalo hukuliuliza: C104R peke yake haitoshi kueleza ugonjwa wako, kwa hiyo nisingependa wewe na daktari wako mfunge jalada hapo.

Mabadiliko ya jeni yanayohusishwa na upungufu wa kingamwili hayana uzito mmoja. Yapo ambayo mvulana akizaliwa nayo ataugua, hakuna mjadala. Yapo ambayo baadhi ya wanaoyabeba huugua vibaya na ndugu zao wakabaki wazima. Na yapo kama lako, ambayo wengi wanaoyabeba huishi mpaka uzee bila kujua kwamba wanayo. Kwenye karatasi ya majibu yote huandikwa kwa herufi na namba za mtindo mmoja, ndiyo maana yanachanganya. Ili uone lako limekaa wapi, tuifuate seli B tangu inapozaliwa.

Seli B ni aina ya chembe nyeupe za damu ambazo mwishowe hutengeneza kingamwili. Huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa. Zikiwa bado changa, hukata vipande vya vinasaba vyake na kuviunga upya, kila seli kwa mpangilio wake, ili kila moja iwe na kipokezi kisichofanana na cha jirani yake. Kitu cha kwanza kuundwa ni mnyororo mzito wa kingamwili, ambao maelekezo yake yako kwenye jeni ya IGHM. Mnyororo huo ukijitokeza juu ya seli pamoja na protini zinazoushikilia, ishara huingia ndani kuiambia seli kwamba imefaulu na iendelee kukua. Ishara hupokezanwa na protini kadhaa, na mojawapo ni kimeng'enya kiitwacho BTK. Isipofika, seli hufia palepale kwenye uboho.

Jeni ya BTK iko kwenye kromosomu X. Mwanamume ana X moja tu, kwa hiyo badiliko likiiharibu hana akiba. Mtoto huzaliwa mzima na mwenye afya, kwa sababu amebeba IgG za mama yake zilizopita kwenye kondo la nyuma. IgG hupungua kwa nusu kila baada ya wiki tatu hivi, na mtoto akifikisha miezi sita au tisa za mama zimekwisha na zake hazipo. Hapo ndipo masikio yanapoanza kutoa usaha, nimonia inafuata nimonia. Ukimfungulia mtoto huyo kinywa ukamulika kooni, huoni tonsili, au unaona kijisehemu kidogo tu. Tonsili imejaa seli B. Zisipokuwepo, hakuna cha kuijaza. Ni alama isiyohitaji maabara wala umeme, na inasikitisha jinsi isivyotazamwa mara nyingi kwa mtoto anayelazwa tena na tena.

Ogden Bruton, daktari wa watoto wa jeshi la Marekani, ndiye aliyeuandika ugonjwa huu mwaka 1952. Mgonjwa wake alikuwa mvulana wa miaka 8 aliyekuwa akipata maambukizi ya damu mara kwa mara. Alipopima protini za damu aligundua kwamba sehemu ya gamaglobulini, ile inayobeba kingamwili, haikuwepo. Akaanza kumchoma gamaglobulini iliyotoka kwa wachangiaji wa damu, na mtoto akapata nafuu. Jeni yenyewe ilikuja kupatikana mwaka 1993, na jina BTK limebeba jina lake. Tangu hapo yameorodheshwa mamia ya mabadiliko tofauti kwenye jeni hiyo: herufi moja iliyobadilika, kipande kilichodondoka, mahali pa kuungia palipoharibika. Mara nyingine kipande kilichodondoka ni kirefu mno kiasi cha kuchukua na jeni jirani iitwayo TIMM8A, na mtoto wa namna hiyo, pamoja na kukosa kingamwili, hupoteza usikivu na baadaye misuli yake hujikunja bila hiari.

Nimekaa kwenye BTK kwa makusudi, kwa sababu inaonyesha sura ya badiliko lenye nguvu kamili. Mvulana mwenye BTK iliyoharibika kabisa, seli B za damuni huwa chini ya 2 kwa mia ya limfosaiti (kundi la chembe nyeupe ambamo seli B zimo) zote. Huhitaji kujiuliza kama jeni ndiyo chanzo. Dada zake wanaweza kuwa wabebaji, lakini mbebaji haugui, na sababu yake ni nzuri kuijua. Kila seli ya mwanamke huzima X moja kati ya mbili alizo nazo. Seli B zake changa zilizozima X nzima zikabaki na ile mbovu hufia kwenye uboho. Zilizozima mbovu hupona na kukua. Kwa hiyo ukipima damu ya mama mbebaji, seli B zake zote zinatumia X nzima, na kingamwili zake ni za kawaida. Kila mtoto wa kiume atakayemzaa ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuugua. Akina mama wa watoto hawa mara nyingi hujilaumu, au hulaumiwa na upande wa mume. Hakuna alichokula, alichofanya wala alichoacha kufanya kilichosababisha hilo, na karibu nusu ya watoto hawa hawana ndugu yeyote anayejulikana kuwa aliwahi kuugua.

Zipo jeni nyingine zinazokatiza safari hapohapo kwenye uboho: IGHM yenyewe, CD79A, CD79B, IGLL1, BLNK. Hizi haziko kwenye X. Mtoto huugua akirithi nakala mbili mbovu, moja kwa baba na moja kwa mama, awe wa kiume au wa kike. Ni nadra kuliko BTK.

Wewe si wa kundi hili. Ungekuwa na BTK iliyozimika kabisa ungeanza kuumwa utotoni. Hata hivyo mabadiliko mengine ya BTK hayaizimi yote, na wapo wanaume waliogundulika ukubwani baada ya kuambiwa kwa miaka kwamba wana CVID. Mwulize daktari wako idadi ya seli B zako. Kama zipo za kutosha, habari ya BTK iishie hapo.

Seli B ikitoka kwenye uboho huwa na IgM. Ili itengeneze IgG, IgA au IgE, kwa kawaida inahitaji ikutane na seli T, aina nyingine ya chembe nyeupe, kwenye mitoki, tonsili au wengu, na seli T iiguse kwa protini iitwayo CD40L. Ikishaguswa, seli B huwasha kimeng'enya cha AID, ambacho huchokoa vinasaba vya kingamwili na kuviwezesha kuhama kutoka IgM kwenda aina nyingine. Jeni ya CD40L ikiharibika, au ya AID, matokeo ya damu hufanana: IgM ya kawaida au iliyopanda, IgG na IgA chini. Ukitazama karatasi mbili za vipimo hivyo unaweza ukadhani ni ugonjwa mmoja.

Lakini hapa ndipo jina la jeni linapookoa maisha. CD40L si ya seli B peke yake. Seli T huitumia pia kuziamsha makrofaji, seli zinazomeza vijidudu. Mvulana mwenye CD40L mbovu hushambuliwa na kuvu aitwaye Pneumocystis kwenye mapafu na kimelea aitwaye Cryptosporidium kwenye utumbo, na huyo wa pili hupanda hadi kwenye mirija ya nyongo na kuharibu ini. Anahitaji kotrimoksazoli ya kinga, maji yaliyochemshwa, na familia kuzungumza mapema na wataalamu kuhusu kupandikizwa uboho. Mwenye AID mbovu mitoki yake huvimba sana, lakini kwa kawaida imunoglobulini inamtosha kwa miaka mingi. Kwa watoto hawa kipimo cha jeni si anasa.

Sasa tunakaribia kwako. Seli B imekomaa, imekutana na seli T, na inatakiwa iwe seli ya kumbukumbu au kiwanda cha kudumu cha kingamwili. Hatua hizi za mwisho ndizo zinazokwama kwa wengi wenye CVID. Ugonjwa wenyewe ni mkusanyiko: IgG iko chini, IgA au IgM au zote mbili ziko chini, chanjo haipandishi kingamwili, na sababu nyingine zimeondolewa, kama vile dawa za kifafa, rituksimabu (dawa inayoua seli B), kupoteza protini kwa njia ya figo au utumbo, na saratani ya mitoki. Yeyote anayetimiza masharti hayo huitwa mgonjwa wa CVID, hata kama chanzo chake na cha mwenzake ni tofauti kabisa.

Jeni ya kwanza iliyothibitishwa kuleta CVID ni ICOS, mwaka 2003. Zikafuata nyingine: CD19, LRBA, NFKB1, NFKB2, CTLA4, PIK3CD, PIK3R1, IKZF1. Pamoja na zote hizo, wagonjwa wengi wa CVID wakipimwa vinasaba vyao vyote, haipatikani jeni moja inayoweza kubebeshwa lawama. Wanaopatikana nayo ni kama 10 hadi 30 kwa kila mia, kutegemea ni wagonjwa gani waliopimwa.

Jeni yako, TNFRSF13B, ilitangazwa mwaka 2005 na makundi mawili ya watafiti kwa wakati mmoja. Iko kwenye kromosomu ya 17 na hutoa maelekezo ya kutengeneza kipokezi kiitwacho TACI, kinachokaa juu ya seli B na kupokea protini mbili, BAFF na APRIL. Protini hizo husaidia seli B kubadilisha aina ya kingamwili na kuwa viwanda vya kudumu. C104R maana yake ni kwamba kwenye nafasi ya 104 ya protini hiyo, panapotakiwa kukaa sisteini, imekaa arginini; zote mbili ni asidi amino, matofali yanayojenga protini. Sisteini hiyo hushikilia umbo la sehemu ya nje ya kipokezi, pale BAFF na APRIL zinapotua. Ikiondoka, umbo linaharibika na kipokezi hakishiki kitu. Kwa hiyo badiliko hili si la bure. Kwenye maabara linaonekana wazi kuharibu kazi.

Mwanzoni wengi tuliamini tumepata chanzo kikubwa cha CVID, kwa sababu wagonjwa kama 8 hadi 10 katika kila mia walikutwa na mabadiliko ya TACI. Kisha watu wazima wasio na tatizo lolote wakapimwa, na takriban mmoja katika kila mia naye akakutwa nayo. Twende kwenye hesabu, maana ndiyo itakayomtuliza dada yako kuliko maneno yangu.

Chukua watu milioni moja. CVID humpata karibu mtu mmoja kati ya 25,000, kwa hiyo katika milioni hiyo wagonjwa ni kama 40. Wenye badiliko la TACI miongoni mwao, tukichukua 10 kwa mia, ni 4. Sasa hesabu wabebaji wote wa mabadiliko ya TACI katika milioni ileile: mmoja kwa kila mia ni watu 10,000. Kati ya hao 10,000, wenye CVID ni wale 4. Waliobaki 9,996 hawana. Namba hizi ni za makadirio, na ukichukua makadirio mengine zitapanda au kushuka, lakini picha haigeuki.

Kwa dada yako uwezekano uko juu kidogo kuliko huo, kwa sababu mmechangia baba na mama na huenda amerithi pia sehemu ya hayo mengine yaliyokuangusha wewe. Hata hivyo ana miaka 31, IgG yake ni 9.8 katika kiwango cha kawaida cha 7 hadi 16, na mwili wake haujamsumbua. Huyo ni mtu mzima mwenye afya, anayebeba badiliko linaloongeza hatari.

Hayo mengine ni yapi? Sehemu ya jibu iko kwenye jeni za HLA, kundi la jeni za kinga lililo kwenye kromosomu ya 6, ambazo zimehusishwa kwa miaka mingi na CVID na upungufu wa IgA. Sehemu iko nje ya mpangilio wa herufi za vinasaba: wapo mapacha wa kufanana, wenye jeni zilezile, mmoja akiwa na CVID na mwenzake mzima, na walipochunguzwa ilionekana kwamba seli B zao zimezima na kuwasha jeni kwa namna tofauti. Na mara nyingine kuna badiliko la pili lililojificha. Mwaka 2017 ilichapishwa habari ya familia moja ya New Zealand ambayo ningependa uisikie. Mgonjwa alikuwa na C104R kama wewe, na juu yake alikuwa na badiliko lililozima nakala moja ya jeni ya TCF3, inayohitajika tangu hatua za mwanzo za seli B. Ndugu zake walirithi vipande tofauti vya mzigo huo, na aliyebeba yote mawili ndiye aliyeumwa vibaya kuliko wote. Daktari aliyesimama kwenye TACI asingeona ya pili.

Ndiyo sababu nasema msifunge jalada. Mwulize daktari wako maswali haya: kipimo nilichofanyiwa kilisoma jeni ngapi? CTLA4, LRBA, NFKB1, PIK3CD na PIK3R1 zilikuwemo? Kinaweza kuona kipande kirefu kilichodondoka, au kinaona mabadiliko ya herufi moja moja tu? Na maabara imeliweka badiliko langu daraja gani kati ya yale matano, kuanzia lisilo na madhara hadi lenye kusababisha ugonjwa? Daraja la katikati ni la mabadiliko ambayo maana yake haijajulikana. Badiliko la daraja hilo lisitumiwe kuamua matibabu, wala kumpima ndugu asiyeumwa.

Naisisitiza CTLA4 na wenzake kwa sababu zina dawa zake. CTLA4 ni breki ya seli T. Mtu akiwa na nakala moja mbovu, breki inalegea: seli T zinavamia utumbo, mapafu, ubongo na damu yake mwenyewe, na kingamwili zinashuka. Hata hapa si kila mbebaji huugua. Baadhi hubaki wazima. LRBA ni protini inayoizuia CTLA4 isisagwe ndani ya seli, kwa hiyo LRBA ikikosekana breki inaisha kwa njia nyingine. Wagonjwa wa jeni hizi mbili husaidiwa na abatasepti, dawa iliyotengenezwa kwa kutumia sehemu ya CTLA4 yenyewe. Upande wa PIK3CD mambo ni kinyume: badiliko linaloonekana mara nyingi, E1021K, haliizimi protini bali huiacha imewaka muda wote. Seli huchoka kabla ya wakati, mitoki na wengu huvimba, na hatari ya saratani ya mitoki hupanda. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha leniolisibu, dawa inayoituliza protini hiyohiyo, kwa wagonjwa wa kuanzia miaka 12. Mtu akiitwa tu CVID bila kutafutiwa haya, anaweza akatundikiwa dripu miaka 20 huku dawa yake halisi ipo.

Hukuniambia kama umewahi kuhara kwa muda mrefu, kuvimba mitoki, kupungukiwa damu ghafla au kutokwa na madoa mekundu kwenye ngozi. Kama yapo, kutafuta jeni nyingine ni jambo la haraka. Kama hayapo, bado lina maana, lakini halikimbizani na saa.

TACI pia ina jambo moja la kukufaa moja kwa moja. Wenye CVID walio na nakala moja yenye badiliko la TACI huelekea zaidi kuvimba wengu na kupata magonjwa ya kinga kujishambulia, hasa kushuka kwa chembe sahani za damu. Cha kushangaza, wenye nakala zote mbili mbovu huonekana kuyapata kidogo kuliko wenye moja. Kwa hiyo picha nzima ya damu ipimwe mara kwa mara, na wengu utazamwe kwa altrasaundi. Ukiona damu ya fizi isiyokoma au vidoti vyekundu miguuni, usisubiri siku ya dripu.

Matibabu yako hayabadiliki kwa sababu ya majibu haya. Uliwekwa kwenye imunoglobulini kwa sababu ya IgG ya 2.9, nimonia nne na chanjo iliyokataa kufanya kazi. Hata karatasi ya vinasaba ingekuja tupu, ungeihitaji vilevile. Kiwango cha kawaida ni miligramu 400 hadi 600 kwa kila kilo ya uzito kwa kila wiki tatu au nne, na wengine hujichoma chini ya ngozi kila wiki nyumbani. Damu ya kupima IgG itolewe kabla dripu haijaanza, siku hiyohiyo, ili ionekane imeshuka hadi wapi. Namba hiyo ni mwongozo tu. Kipimo halisi ni kama maambukizi yamekoma. Mtu akibaki anaugua kwa IgG ya 7, apandishwe. Fahamu pia kwamba dripu inakupa IgG peke yake. IgA ya kwenye pua na mirija ya hewa hairudi, ndiyo maana baadhi ya wagonjwa huendelea kusumbuliwa na kifua, na ndiyo maana baada ya nimonia nne ningeomba ufanyiwe CT ya kifua na kipimo cha pumzi, tujue kama mirija imetanuka.

Angalizo moja linalosahaulika. Kabla ya kuanza dripu, vipimo vinavyotafuta kingamwili, vikiwemo vya VVU na homa ya ini, vingeweza kusema huna wakati unayo, kwa kuwa mwili wako hautengenezi cha kupimwa. Baada ya kuanza dripu, baadhi vinaweza kusema unayo wakati huna, kwa sababu vinakuta kingamwili za wachangiaji. Mwambie kila anayekutoa damu kwamba unatumia imunoglobulini, na uombe kipimo kinachotafuta kirusi chenyewe.

Dada yako apimwe IgG, IgA na IgM sasa, maana umenitajia IgG peke yake, na badiliko hili limehusishwa pia na upungufu wa IgA. Zikiwa za kawaida, arudie kupima endapo ataanza kuugua sinusi au kifua mara kwa mara. Asipewe imunoglobulini, asipewe antibiotiki za kinga, na asiambiwe na mtu yeyote kwamba ni mgonjwa. Akitaka kuzaa, azae. Badiliko hili halina la kumzuia.

Watoto wako, kila mmoja ana nusu kwa nusu ya kurithi C104R, sawa na kurusha sarafu. Kama dada yako anavyokuonyesha, kuirithi si kuugua. Nikikuandikia kipimo cha jeni, mtoto wa miaka 6 atabeba maisha yake yote karatasi isiyobadilisha chochote katika matunzo yake. Akianza kupata nimonia zaidi ya moja kwa mwaka, usaha wa masikio usiokoma, au maambukizi mazito, apimwe kingamwili zenyewe na jinsi anavyoitikia chanjo. Kwa huyo wa miezi 10, akipimwa kingamwili, hakikisha majibu yanalinganishwa na viwango vya umri wake. Katika umri huo IgG za mama zimekwisha na zake bado zinapanda, kwa hiyo namba ambayo kwa mtu mzima ingetisha, kwake inaweza kuwa ya kawaida. Kama ukaguzi wa jeni nyingine utakukuta na badiliko la CTLA4 au NFKB1, tutazungumza upya, kwa sababu hapo kuwapima watoto kunaweza kuwa na faida.

Chanjo wapate zote, kwa kuwa nyumba yenye watoto waliochanjwa inakukinga na wewe. Isipokuwa polio: omba wapewe ya sindano, si ya matone. Matone yana kirusi hai kilichodhoofishwa, ambacho hutoka kwenye choo cha mtoto kwa wiki kadhaa, na mtu asiye na kingamwili akikipata anaweza kushindwa kukiondoa. Uingereza aliwahi kuchunguzwa mwanamume mwenye upungufu wa kingamwili aliyechanjwa matone utotoni, akaendelea kutoa kirusi hicho kwa takriban miaka 28. Kama huyo wa miezi 10 alishapewa matone hivi karibuni, mwenzako ambadilishe nepi kwa wiki chache hizi, na mikono ioshwe kwa sabuni. Wewe mwenyewe usichanjwe chanjo yoyote yenye kirusi hai, ikiwemo ya homa ya manjano, bila daktari anayekutibu kuridhia kwa maandishi.